Bruce McLaren: mtu aliye nyuma ya jina

Kila mwaka mbio za Formula 1 zinapofika Sakhir huko Bahrain, na baadaye Yas Marina huko Abu Dhabi, vijana wetu wa huku Ghuba huvaa fulana na kofia za rangi ya papai lililoiva, zimeandikwa McLaren kifuani. Wako pia watu wazima wanaonunua picha za kuchapwa za magari ya zamani ya timu hiyo, zile zinazotolewa kwa idadi maalumu na kutiwa saini na mchoraji, wakazitia fremu na kuzitundika sebuleni. Lakini ukimwuliza kijana McLaren ni nini, atakujibu kuwa ni gari, au ni timu. Ni wachache watakaokwambia kuwa McLaren alikuwa mtu, tena mtu aliyechechemea, na kwamba alifariki tarehe 2 Juni 1970 akiwa na umri wa miaka 32 tu.

Sisi watu wa huku tuna sababu ya kumjua. Mfuko wa uwekezaji wa Bahrain, Mumtalakat, ulinunua asilimia 30 ya kampuni hiyo mwaka 2007, na tangu hapo mali ya Ghuba imekuwa ndani ya jina hilo. Desemba 2024 timu ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji magari palepale Yas Marina, baada ya kuukosa tangu 1998. Basi ni haki tumfahamu mwenye jina, na tuulize ilikuwaje nyumba aliyoijenga kwa miaka saba isianguke siku alipoanguka yeye.

Mtoto wa pampu ya petroli

Bruce Leslie McLaren alizaliwa tarehe 30 Agosti 1937 mjini Auckland, New Zealand. Baba yake, Les, alikuwa na pampu ya petroli na gereji katika mtaa wa Remuera, na mwenyewe alipenda kushindana kwa pikipiki na magari. Mtoto alikulia katika harufu ya mafuta na sauti ya spana.

Alipokuwa na miaka tisa alianza kuchechemea. Madaktari waligundua maradhi ya Perthes, ambayo humpata mtoto katika nyonga: damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa hulainika na kuharibika. Dawa ya siku zile ilikuwa ni kulala. Bruce alipelekwa kwenye makao ya watoto wenye ulemavu yaitwayo Wilson Home, huko Takapuna, akafungwa kwenye fremu yenye magurudumu, miguu imevutwa kwa uzito ili nyonga isibebe mwili. Alikaa katika hali hiyo kama miaka miwili, umri ambao wenziwe walikuwa wakikimbia uwanjani. Alipotoka, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na ulibaki hivyo maisha yake yote.

Mtu aliyelala miaka miwili hujifunza kungoja, na hujifunza kuwa hawezi kitu bila mikono ya wengine. Mambo hayo mawili utayaona katika kila alilofanya baadaye.

Baba yake alinunua Austin 7 Ulster ya mwaka 1929, gari dogo lililokuwa vipande vipande, akikusudia kulitengeneza na kuliuza. Mtoto akamsihi asiliuze. Wakalijenga upya wawili hao, na mwaka 1952 Bruce aliliingiza katika mashindano yake ya kwanza, mbio za kupanda kilima huko Muriwai. Akasoma shule ya ufundi ya Seddon, kisha akaanza masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Auckland. Masomo hayo hakuyamaliza, kwa kuwa mbio zilimwita kabla ya shahada.

Kuvuka bahari

Wakati ule Jack Brabham wa Australia, dereva wa timu ya Cooper ya Uingereza, alikuwa akija New Zealand kila msimu wa joto kushindana. Alimwona kijana huyu, akapendezwa na utulivu wake. Mwaka 1958 wakuu wa mbio za New Zealand walianzisha mpango wa kumpeleka Ulaya dereva mmoja kijana kila mwaka ajifunze, na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Bruce. Alikuwa na miaka 20.

Miezi michache baadaye alishiriki mbio za Ujerumani katika uwanja wa Nürburgring, njia ya karibu kilomita 23 iliyopita katika milima na misitu. Magari madogo ya Formula 2 yalikimbia pamoja na makubwa ya Formula 1, na Bruce alikuwa na dogo. Akamaliza wa tano kwa jumla na wa kwanza katika kundi lake. Siku hiyohiyo, katika mbio hizohizo, dereva Peter Collins wa Uingereza alipata ajali akafariki. Mgeni kutoka New Zealand aliyaona mapema yale mawili yaliyokuwa yakitembea pamoja siku zile, ushindi na jeneza.

Mwaka 1959 Cooper walimwajiri awe mwenzi wa Brabham. Magari ya Cooper yalikuwa madogo na injini ilikaa nyuma ya dereva, wakati Ferrari walikuwa bado wanaiweka mbele. Wakubwa waliyacheka mwanzoni, halafu wote wakaiga. Mbio za mwisho za mwaka zilikuwa Sebring, Florida, tarehe 12 Desemba. Brabham aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho, kisha petroli ikamwishia karibu na mstari. Bruce aliyekuwa nyuma yake akapunguza mwendo kumtazama mkubwa wake, naye akampungia mkono apite. Akapita, akashinda, Maurice Trintignant wa Ufaransa akimfuata kwa sekunde 0.6 tu. Brabham alilisukuma gari lake kwa mikono hadi mstarini, akawa wa nne na bingwa wa dunia.

Siku hiyo Bruce alikuwa na miaka 22 na siku 104. Hakuwa ametokea mshindi wa Grand Prix mwenye umri mdogo namna hiyo, ukiacha mbio za Indianapolis ambazo zilihesabiwa pamoja na ubingwa wa dunia. Rekodi yake ilidumu hadi mwaka 2003, alipoivunja Fernando Alonso wa Hispania. Mwaka 1960 alishinda tena Argentina na kumaliza wa pili katika ubingwa wa dunia, nyuma ya Brabham yuleyule. Mwaka 1962 alishinda Monaco.

Banda lenye sakafu ya udongo

Mtu mwingine angeridhika na kiti hicho. Bruce alitaka kujenga. Tarehe 2 Septemba 1963 aliandikisha kampuni, Bruce McLaren Motor Racing. Karakana yake ya kwanza ilikuwa banda huko New Malden, nje ya London, lenye sakafu ya udongo, walilolitumia pamoja na mwenye mtambo wa kusawazisha barabara. Walioanza naye walihesabika kwa vidole: Teddy Mayer, mwanasheria wa Marekani aliyeshika hesabu na mikataba, Tyler Alexander, fundi Mmarekani, na Wally Willmott, fundi kijana kutoka kwao New Zealand.

Kazi ya kwanza ya kampuni ilikuwa kupeleka magari mawili katika mashindano ya Tasman, New Zealand na Australia, mwanzoni mwa 1964. Moja aliendesha Bruce, jingine Timmy Mayer, mdogo wake Teddy. Bruce alishinda mashindano yale. Lakini tarehe 28 Februari, katika mazoezi huko Longford, Tasmania, Timmy alipata ajali akafa. Kampuni haikuwa imetimiza hata miezi sita.

Bruce alikuwa na safu yake katika gazeti la mbio la Uingereza, na humo alimwandikia rafiki yake tanzia. Maana yake ni kwamba umri wa mtu hupimwa kwa aliyoyatenda, na kwamba kufa katika kujaribu kuifanya kazi vizuri hakuitwi upotevu. Maneno hayo yamechapwa tena mara nyingi, kwa sababu wasomaji wake walikuja kuona kuwa bila kukusudia alikuwa amejiandikia na ya kwake. Teddy Mayer naye, aliyefiwa na ndugu, hakuondoka. Alibaki na kampuni ile karibu miaka ishirini.

Timu ilikua, ikahamia Feltham, halafu Colnbrook karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Bruce alimwajiri Robin Herd, mhandisi kijana aliyekuwa amefanya kazi katika utafiti wa ndege ya Concorde. Wafanyakazi walimwita Bruce kwa jina lake la kwanza, na alishika spana kama wao. Husimuliwa kuwa siku moja katika majaribio aliona kifuniko cha tangi la petroli kinapiga juu na chini gari linapokwenda kasi, mahali ambapo upepo ulipasa kukikandamiza. Akasimama, akaomba mkasi wa bati, akakata tundu kwenye bodi ili hewa ipate pa kutokea. Gari likatulia. Somo la upepo, ambalo leo lina majengo na kompyuta zake, yeye alilisoma kwa macho na mkasi.

Le Mans, Spa na Amerika

Mwaka 1966 ulikuwa na mambo mawili. Mei, huko Monaco, aliendesha kwa mara ya kwanza Formula 1 lililobeba jina lake. Injini ilikuwa nzito na yenye kelele, mafuta yakavuja, akaacha mbio mapema. Juni alikwenda Le Mans, Ufaransa, kwenye mbio za saa 24, akiendesha Ford GT40 nyeusi kwa zamu na Chris Amon, naye wa New Zealand. Ford walikuwa wanaongoza nafasi zote tatu za mwanzo, wakaamuru magari yao yafike pamoja kwa ajili ya picha. Gari la Bruce na Amon lilikuwa limeanza nyuma kidogo kuliko lile la Ken Miles na Denny Hulme, hivyo kwa kupima masafa likatangazwa mshindi. Ni ushindi wa kwanza wa Ford katika mbio zile, na mpaka leo wako wanaosema Miles alidhulumiwa. Miezi miwili baadaye Miles alifariki katika majaribio ya gari huko California.

Tarehe 9 Juni 1968, Spa, Ubelgiji, Jackie Stewart aliyeongoza alilazimika kuingia kutia petroli ukiwa umebaki mzunguko mmoja. Bruce akapita mstari akidhani ni wa pili, na ikabidi aambiwe kuwa ameshinda. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Formula 1 kwa timu yake. Katika historia yote ya ubingwa wa dunia ni watu wawili tu walioshinda kwa gari lenye jina lao wenyewe, Brabham na McLaren, mwalimu na mwanafunzi.

Lakini fedha na sifa nyingi zilitoka Amerika Kaskazini, katika mashindano ya Can-Am, yaliyoruhusu injini kubwa na masharti machache. Bruce alikuwa bingwa 1967, Hulme 1968, na Bruce tena 1969. Mwaka huo wa 1969 mbio zilikuwa 11 na McLaren walishinda zote 11. Ni katika miaka hiyo magari yao yalipakwa rangi ile ya papai, na wapinzani walikuwa wakiwauzia wateja wengine sifa, huku McLaren wakiwauzia wapinzani magari yao ya mwaka uliopita.

Goodwood

Mwezi Mei 1970 Denny Hulme aliungua mikono vibaya huko Indianapolis. Kazi ya kujaribu gari jipya la Can-Am, M8D, ikabaki kwa Bruce. Jumanne tarehe 2 Juni alikwenda Goodwood, kusini mwa Uingereza, uwanja uliokwisha kufungwa kwa mashindano tangu 1966 ila ulitumika kwa majaribio. Hakukuwa na watazamaji wala mshindani. Katika njia iliyonyooka ya Lavant, gari likiwa katika kasi kubwa, kifuniko cha nyuma cha bodi kilifunguka na kung'oka, na pamoja nacho ukaondoka mkandamizo wa hewa ulioshikilia magurudumu barabarani. Gari likazunguka, likagonga kizimba cha zamani cha wapunga bendera. Alikufa palepale. Aliacha mke, Pat, na binti mmoja wa miaka minne. Alirudishwa kwao na kuzikwa katika makaburi ya Waikumete, Auckland.

Sasa tufike kwenye lile swali. Katika jamii yetu tunayajua maduka na majahazi yaliyokufa na mwenyewe, kwa sababu funguo, daftari na ujuzi vilikaa katika mfuko mmoja. Huko Colnbrook ilikuwa vingine. Mayer aliwaambia wafanyakazi wapumzike kwa msiba, lakini kesho yake walikuja kazini. Tarehe 14 Juni, siku 12 baada ya kifo, magari mawili ya rangi ya papai yalisimama mstarini Mosport, Canada. Dan Gurney, Mmarekani aliyeitwa kuziba nafasi, alishinda. Hulme alikimbia na mikono yake iliyofungwa bandeji, akamaliza wa tatu. Katika mbio 10 za msimu ule McLaren walishinda 9, na Hulme akawa bingwa. Mwaka 1974 Emerson Fittipaldi wa Brazil aliwapatia ubingwa wao wa kwanza wa dunia katika Formula 1, na wengine wakafuata.

Hayo yaliwezekana kwa kuwa Bruce aligawa kazi akiwa hai. Hesabu alimwachia Mayer, michoro aliwaachia wahandisi, kiti cha pili alimpa dereva aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1967 bila kuogopa kuzidiwa, na wote waliona anavyofikiri kwa sababu alifikiri mbele yao, karakanani. Jina lilikuwa lake, ujuzi ulikuwa wa wote.

Kwa wanaonunua picha

Mchoraji anayehusika na habari hii kuliko wengine ni Michael Turner wa Uingereza, aliyechora magari ya mbio na ndege. Alikuwa rafiki wa Bruce, na ndiye aliyebuni nembo ya kwanza ya timu, yenye ndege kiwi wa New Zealand. Ukiiona nembo hiyo kwenye picha ya zamani, ujue mkono ulioichora ulimjua mwenyewe.

Picha za namna hii hutofautiana na bango la kawaida. Mchoraji huchora asili moja, kisha hutolewa nakala kwa idadi inayotangazwa, na baada ya hapo hazichapwi tena. Chini ya nakala huandikwa kwa penseli nambari mbili, kwa mfano 120/500, maana yake ni nakala ya 120 katika 500, na kando yake saini. Nyingine hutiwa pia saini za madereva au mafundi.

Mimi nimekuwa karani miaka mingi, na kazi ya karani ni kulinganisha tarehe na jambo. Nawashauri mfanye hivyo kabla ya kutoa fedha. Nakala iliyochapwa baada ya Juni 1970 ikidaiwa ina saini ya Bruce kwa mkono wake, iacheni. Picha ya Monaco 1966 ikionyesha gari la rangi ya papai, mchoraji hakuuliza, kwa kuwa siku ile lilikuwa jeupe lenye mstari wa kijani. Le Mans 1966 ni Ford nyeusi. Sebring 1959 ni Cooper ya kijani iliyokoza. Rangi ya papai huanza 1967.

Mkishanunua, msiitundike mkabala na dirisha, maana jua la huku hula rangi hata kupitia kioo. Mwambieni mtia fremu aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, na karatasi isigusane na kioo, kwani unyevu wa pwani huzigandisha. Bahasha na hati iliyokuja nayo zitunzeni, kwa sababu nusu ya thamani imo humo.

Na watoto wakiuliza, waambieni. Picha huonyesha gari, kofia ngumu na vumbi. Mguu mfupi hauonekani, kwa kuwa umo ndani ya gari, wala hawaonekani watu wa karakanani waliokuja kazini asubuhi ya tarehe 3 Juni. Hao inabidi wasimuliwe.